Chumba cha Kaskazini

Mama alifungua friji akanionyesha:
kati ya figili za siki na bakuli la miso,
kifuko, mchanga mbichi ndani yake,
na mbegu sitini za msonobari
zimelazwa humo tangu Desemba
zidhani ziko porini, chini ya theluji.
Nje, Asahikawa nzima ilikuwa baridi ya bure.
Lakini kunguru wa roshani, alisema,
hawaheshimu mipango ya mtu.

Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye mkanda
wa kiwanda cha vijiti vya kulia.
Kilichopinda, kushoto. Kilichonyooka, kulia.
Mkono ukijua kabla ya jicho.
Misitu mizima ilimpita chini ya vidole
imekwisha kuwa midogo,
jozi kwa jozi.

Zikaota ishirini na tatu.
Si miti. Nyuzi.
Kila uzi umevaa ganda la mbegu yake
kama mtoto aliyekataa kuvua kofia mezani.
Kisha ukungu ukaingia usiku:
shina hukatika usawa wa udongo,
bila kelele; asubuhi limelala.
Mama akanyunyiza mdalasini,
chumba kikanukia sikukuu
huku tukihesabu wafu.

Kumi na moja.
"Inatosha," akasema. "Isigawike kwa mbili.
Jicho likiweza kuugawa msitu,
hiyo ni safu tu. Safu nimeziona."

Mwaka wa pili akanunua feni ya mezani:
upepo wa nusu saa asubuhi, nusu saa jioni.
Shina lisilosumbuliwa, alisema, hurefuka kijinga.
Mwaka wa tatu akaipanda kwenye sinia moja pana,
mirefu mbele, mifupi nyuma,
ili nyuma paonekane mbali.
Udongo aliupenyeza katikati ya mizizi
kwa kijiti cha kulia, akichomachoma,
kijiti cha kiwanda chake,
muhuri wa moto ukififia kichwani.

Baridi ikija, chumba kile hakiwashwi hita.
Dirisha wazi, vidole vitatu.
Miti hii isipolala hufa kwa uchovu.
Yeye huingia kuitazama na koti na soksi mbili,
mgeni katika nyumba anayoilipia kodi.

Februari ile akalazwa wiki tatu kwa ajili ya nyonga.
Nikaja kulinda nyumba.
Nami nina huruma, tena ya haraka:
nikafunga dirisha, nikawasha hita,
nikainyunyizia maji ya uvuguvugu
nikaiambia, poleni.
Wiki ya pili machipukizi yakafumbuka,
kijani cha kutia wazimu.
Nikapiga picha, nikamtumia.

Hakujibu.

Alirudi na mkongojo, akasimama mlangoni,
akazima hita. Akakaa kitandani.
"Shinobu," akasema, jina langu tu, hakuongeza.
Afadhali angenitukana.

Kufika Aprili alikwisha kung'oa mitatu,
akaifunga katika gazeti kama samaki.
Ikabaki minane. Nne na nne.
Akachukua kijiti. Nikadhani ni cha udongo.
Akakichomeka upande wa kushoto, nyuma kidogo,
pale palipokufa wa pili kwa urefu,
akakiinamisha unywele mmoja,
akarudi nyuma kwa mkongojo wake
akafumba jicho moja.
"Tisa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Muhuri umefutika sasa.
Kuvumwani ya kijani imeanza kukipanda.
Bwana Kuromatsu wa ghorofa ya chini
huja kila Mwaka Mpya, huinama, huhesabu,
husema tisa, husifu, hunywa chai yake.

Nami nikilala kwa mama majira ya baridi
husikia lile dirisha likigongagonga usiku kucha.
Nageukia ukutani.
Najifunika.
Naliacha.